Mapendekezo yetu kwa wale wanaotengeneza Linux

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kasumbalesa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao siku ile walikuwa mpakani ao Lubumbashi.

Asante kwa kutupa saa moja ya mkutano wenu. Tunajua wengine wameacha meza zao za biashara barabarani, na wateja wa malori hawangoji mtu.

Tumekuja kusema juu ya kompyuta za chama, ao ordinatere kama wengine mnavyoziita. Lakini tuanze na jambo ambalo wote mnalijua, juu bila hilo hatungekuwa hapa.

Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa chama alifiwa na mume. Kwa sheria ya chama, makuta ya kilio yanatoka siku ileile, ikiwa mwanachama amelipa mchango wake. Katibu alifungua daftari la mashini. Daftari likaonyesha mama hakulipa. Mama akatoa kaye yake, iliyotiwa sahihi kwa biki, akasema mbele ya watu: "Miye nilisha kulipa. Hii mashini yenu iko na bongo." Ilichukua siku mbili kugundua ukweli. Siku ile ya mchango kuran ilikatika katikati ya kazi, na majina ya mwisho yaliyoandikwa hayakuwa yamehifadhiwa. Mama alikuwa na haki. Sanduku la marehemu lilikuwa limekwisha kununuliwa kwa deni.

Sisi watumishi wa tereni njo tuliosimika mfumo ule, na sisi njo tuliowafundisha makatibu. Tulimwomba mama yule msamaha nyumbani kwake. Leo tunauomba tena mbele yenu.

Kisha tukio lile, wengine mlisema: tubakie paka na kaye, mashini zirudi zilikotoka. Wengine mlisema: hapana, zibaki, lakini zirekebishwe. Katibu aliandika kila neno lenu katika kaye moja. Tumeisoma yote. Mapendekezo ni 23. Leo tunawapa majibu, na tunawaomba kitu kimoja.

Mfumo huu ni wa nani

Kompyuta zetu zilitoka katika ofisi moja iliyokuwa inazitupa. Mnakumbuka tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watu wote bure. Mashini nyingi za zamani haziwezi kuingia Windows 11, basi maofisi yanaziondoa. Sisi tulizipokea, tukaweka Linux Mint, ile nyepesi inayoitwa Xfce. Hatukulipa leseni. Mashini yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inafanya kazi vizuri, na toleo la 22 tulilonalo litatunzwa mpaka 2029.

Papa mmoja aliandika swali katika kaye: "Tutalalamika kwa nani? Patron wake ni nani?" Ni swali zuri, na jibu lake ni hadithi fupi.

Tarehe 25 Agosti 1991, kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliandikia kundi la watu wa kompyuta. Aliwaambia anatengeneza mfumo wake mwenyewe, bure, kama mchezo tu, na hautakuwa kitu kikubwa. Kisha akawauliza wangependa kuona nini ndani yake. Alisema mapendekezo yote yanakaribishwa, ila haahidi kuyatimiza.

Mnasikia? Mfumo huu ulianza kwa mtu kuomba mapendekezo. Na tangu siku ya kwanza alisema ukweli: nitasikiliza, siahidi.

Kazi ya Torvalds ni moyo wa mfumo. Watu wengine walijenga mwili juu yake. Debian ilianza 1993. Juu ya Debian, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu mwaka 2004, kwa jina ambalo masikio yetu sisi Wabantu hayahitaji kutafsiriwa. Juu ya Ubuntu, Mfaransa Clement Lefebvre alianzisha Linux Mint mwaka 2006. Kwa hiyo patron mmoja hakuna. Kuna makundi mengi ya watu, wengine wanalipwa, wengine wanajitolea usiku kisha kazi zao. Kila kundi liko na mlango wake wa kupokea malalamiko, na mlango ule uko wazi kwa mtu yeyote. Hawaulizi kadi ya uchaguzi wala karatasi ya kurudi.

Sisi tuliorudi tumejaza fomu nyingi katika maisha yetu. Fomu za Meheba, fomu za Mantapala, fomu za kwenye lori la kurudia nyumbani. Katika fomu nyingi kuna mahali pa "maoni yako", na ni wachache hapa waliowahi kuona jibu la maoni yao. Hapa jibu linaonekana. Unaweza kusoma pendekezo lako, kuona nani amelijibu, amesema nini, na kama limekataliwa, kwa sababu gani.

Vikapu vitatu

Mapendekezo yenu 23 tuliyagawanya katika vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni vitu mlivyoomba ambavyo viko tayari, ila hatukuwaonyesha. Cha pili ni makosa yetu wenyewe, ambayo Torvalds wala Lefebvre hawawezi kuturekebishia. Cha tatu ni vile vinavyopaswa kutumwa.

Kikapu cha kwanza kilijaa kuliko tulivyofikiri.

Mlisema mashini inakula mega bila kuuliza. Ni kweli kwamba masasisho ni mazito. Lakini dirisha la masasisho linaandika chini kabisa ukubwa wa kile unachotaka kupakua, kabla hujakubali. Hatukuwahi kuwaonyesha pale chini. Soma hesabu ile kwanza, kisha uamue kama mega za leo zinatosha.

Mlisema mega zikiisha katikati, kila kitu kinapotea. Hapana. Kipande kilichokwisha kuingia kinabaki, na ukirudi na mega zingine mfumo unaendelea pale ulipofika.

Mliomba mashini mbili za chumbani zitumiane faili bila kutembeza flashi, juu flashi zinatuletea virusi kutoka maduka ya fotokopi. Tangu toleo la 20, la mwaka 2020, Mint iko na programu inaitwa Warpinator. Inatuma faili kutoka mashini hii mpaka ile kupitia waifai ya chumba. Haihitaji intaneti hata kidogo. Tutaifundisha siku ya mchango ijayo.

Mliomba kibodi ya kwetu. Iko. Katika orodha ya kibodi mtaona Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu fulani, mahali fulani, aliona sisi tunaandika kwa AZERTY na tunahitaji pia alama za lugha zetu, akaitengeneza, akaituma, ikapokelewa. Hatukumtuma mtu yule. Tunakula jasho lake.

Na papa mmoja ambaye macho yake yamechoka aliomba mashini imsomee kwa sauti. Iko programu inaitwa Orca, na sauti inaitwa eSpeak NG, ambayo inajua Kiswahili. Inatamka kama mtu aliyejifunza Kiswahili juzi, lakini utaelewa. Papa, njoo utusikilizie.

Kikapu cha pili ni chetu, na hatutasema mengi, juu aibu.

Mlisema saa ya mashini ni ya uongo, risiti zinaandika saa moja nyuma. Kosa ni letu. Siku ya kusimika tulichagua Kinshasa. Nchi yetu iko na saa mbili, na sisi wa huku mashariki tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja, sawa na ndugu zetu wa Chililabombwe ng'ambo ya mpaka. Katika orodha ya mfumo Lubumbashi iko na jina lake. Tulipaswa tu kulichagua. Imekwisha kurekebishwa.

Mlisema neno la siri la mashini limebandikwa ukutani. Tumelitoa na kulibadilisha.

Na jambo kubwa, lile la kuran. Hapa tuelewane vizuri. Mfumu wa faili wa Linux umetengenezwa ili umeme ukikatika ghafula, mafaili yaliyohifadhiwa yasiharibike. Lakini neno lililoandikwa bila kuhifadhiwa liko paka katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu ile inakufa pamoja na kuran. LibreOffice, programu ya daftari letu, inajiwekea akiba ya kuokolea kila dakika 10. Katika dakika 10 katibu mwepesi anaandika watu wengi. Mama yetu alikuwa katika dakika zile.

Sasa tumeishusha iwe dakika 2. Katibu anahifadhi kisha kila jina, kwa kubonyeza Ctrl na S pamoja. Tumeomba ondulere, kile kisanduku chenye betri kinachokupa muda wa kuhifadhi na kuzima. Na kaye haitatoka mezani. Mwanachama analipa, kaye inatiwa sahihi kwanza, mashini inafuata. Kaye na mashini zisipopatana, kaye njo inashinda mpaka tuchunguze, na makuta ya kilio yanatoka siku ileile. Hilo halihitaji Linux.

Tuende sasa kwa kikapu cha tatu, juu hapa njo tunawahitaji.

Lugha

Mapendekezo mengi kuliko yote yalikuwa juu ya lugha. Mama mmoja alisema: "Mashini inasema Kifaransa na Kingereza. Miye nasema Kiswahili. Sasa nani atanisomea makuta yangu?"

Neno hili lina uzito kwetu. Wengi wenu mlizaliwa ao kukua Zambia, na shule yenu ilikuwa ya Kiingereza. Mlipofika hapa, ofisi ni Kifaransa. Nyumbani na sokoni ni Kiswahili, na Kibemba kidogo. Chama cha kusaidiana hakiwezi kuwa na daftari ambalo mwanachama hawezi kulisoma juu ya bega la katibu. Asipolisoma, hana njia ya kulikagua. Basi akisikia hajalipa, atabishana na kitu asichokiona.

Je, Kiswahili kiko ndani ya Linux? Kiko, kwa sehemu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi walifanya mradi ulioitwa Kilinux. Walitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice, na mwezi wa Desemba mwaka ule wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka 2010 LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice, na mpaka leo Kiswahili cha Tanzania kiko katika lugha zake. Tuliijaribu. Tulifungua daftari letu kwa Kiswahili mbele ya makatibu wawili.

Walifurahi dakika moja. Kisha mama katibu akasoma juu ya skrini neno "Hariri", akauliza: "Hii hariri ni kile kitambaa cha mu Biblia?" Tulicheka wote, lakini yeye hakuwa anatania. Kwa Kiswahili cha vitabu, hariri ni kitambaa, na pia ni kazi ya kusahihisha maandishi. Kwetu huku neno la pili halisikiki. Sisi tungesema kurekebisha ao kusahihisha.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika orodha ya lugha za mfumo tuliona Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Chetu cha Kongo hatukukiona. Ukichagua cha Tanzania, mfumo unafikiri uko Tanzania, na makuta unayaandikia alama ya shilingi. Hapa mpakani tunahesabu franka, dola na kwacha katika siku moja. Tukiongeza na shilingi, hata bakambiste watatukimbia.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni hili: mfumo ukubali Kiswahili cha Kongo kama Kiswahili kimojawapo, na makuta yake franka. Hatuombi wabuni lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa letu. Lingala ya Kongo tuliiona katika orodha ileile, basi mlango unajua nchi yetu.

Lakini sikilizeni vizuri. Kuomba tu hakutoshi. Mtu wa Ufaransa hawezi kujua kwamba "hariri" inamchanganya mama wa Kasumbalesa, wala hawezi kuchagua neno badala yetu. Tafsiri za Ubuntu na za Mint zinafanywa mahali pamoja panapoitwa Launchpad, na watu wa kujitolea, neno baada ya neno. Tukitaka maneno yetu, sisi njo tutayaandika.

Namna mapendekezo yanavyopita na yanavyokufa

Tuliuliza: wengine walipopendekeza, ilikuwaje? Juu hatutaki kuwaahidi bure.

Mwezi wa Februari 2008, Ubuntu ilifungua mahali panapoitwa Brainstorm. Kila mtu aliweza kuandika wazo lake, na wengine kulipigia kura. Mawazo yalikuja kama mvua ya Januari. Lakini kura si mikono. Wazo lilipata kura nyingi na bado hakuna mtu wa kulifanya. Miaka michache baadaye mahali pale palifungwa.

Mwaka 2009 walijaribu njia nyingine. Walisema: tutafuteni kasoro ndogo 100, zile zinazomuudhi mtu wa kawaida siku ya kwanza, ambazo kurekebisha kwake ni rahisi. Waliziita mikato ya karatasi, kama ule mkato mdogo wa kidole ambao hauui lakini unauma siku nzima. Kasoro nyingi za namna ile zilirekebishwa. Tofauti ya njia hizi mbili ni nini? Katika njia ya pili, kila ombi lilikuwa dogo, na mtu mmoja aliweza kulimaliza.

Kuna mara ambapo sauti ya watu ilibadilisha uamuzi. Tarehe 18 Juni 2019, Ubuntu ilitangaza itaacha vifurushi vya biti 32, ambavyo programu nyingi za zamani na michezo zilivihitaji. Watumiaji na watengenezaji wa programu zile walipinga. Hawakupinga kwa matusi tu. Walitaja ni programu gani itakufa na kwa sababu gani. Kabla ya wiki moja kuisha, tarehe 24, Ubuntu ilibadilisha neno na kukubali kubakiza vile vilivyohitajika.

Na kuna mara ambapo walikataa. Mwaka 2011, GNOME, ule uso wa mfumo uliotumiwa na wengi, ulibadilishwa kabisa. Watu walilalamika, watengenezaji wakashikilia njia yao. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua uso wa zamani akauendeleza yeye mwenyewe kwa jina la MATE, jina la majani wanayokunywa kwao kama chai. Mpaka leo uko, na Mint inautoa. Sheria ya programu hizi inaruhusu: ukikataliwa, unaweza kuchukua na kuendelea.

Tunasema haya pia juu ya mashini yetu ya tatu, ile iliyolala kabatini. Ni ya biti 32. Mint iliacha mashini za namna ile. Kaye iko na pendekezo: "Waambieni warudishe." Hatutalituma. Kutunza kila programu kwa mashini za zamani kunahitaji watu wa kuijaribu kila siku, na hatuna mtu wa kuwapa. Kwa mashini ile tutatafuta mfumo mwingine mwepesi zaidi, ao tutaitoa vipuri.

Namna ya kuandika

Pendekezo zuri ni fupi. "Mashini ni mbaya" haimsaidii mtu. Kwa kila kitu, andikeni majibu ya maswali matatu katika ile kaye: Nilifanya nini? Nilingoja nini kitokee? Kilitokea nini? Ongeza mashini gani, na saa ngapi. Jambo moja kwa karatasi moja. Ukiwa na mambo matatu, andika karatasi tatu.

Kwa mfano. Nilichagua Kiswahili. Nilingoja makuta yaandikwe franka. Yaliandikwa shilingi. Basi, imekwisha. Mtu wa Helsinki ao wa Buenos Aires anaweza kuketi, kufanya vilevile, na kuona kile ulichokiona. Hapo njo anaanza kukuamini.

Sasa onyo, na tunalitoa kwa kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tunaandika ripoti ya kwanza juu ya shilingi, tulichukua picha ya skrini ili kuonyesha. Tulikuwa karibu kuituma. Kijana mmoja wa chama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema: "Yaya, majina ya ba mama yako mule ndani."

Yalikuwa mule. Majina, mitaa, makuta ya kila mtu, na safu ya mwisho yenye mahali mtu alikotoka kabla ya kurudi. Ripoti hizi hazifichwi, dunia nzima inazisoma, na kitu kikisha kuingia pale hukitoi tena. Wako kati yenu watu ambao bado wana kesi za mashamba kule walikotoka. Wako ambao hawataki fulani ajue walikofikia. Tungewauza kwa ajili ya alama ya shilingi.

Kwa hiyo sheria ni hii, na tunaomba ipigiwe kura leo. Hakuna picha ya daftari la kweli inayotoka chumbani. Tumetengeneza daftari la mfano, lenye majina ya matunda: Bi Embe, Bwana Papai. Picha zinachukuliwa paka pale. Na kabla ya kutuma, watu wawili wanasoma, mmoja wao awe mwanachama, asiwe mtumishi wa shirika.

Nani ataandika

Kitu cha mwisho, na kinawahusu ninyi vijana wa kule nyuma.

Watengenezaji wanasoma Kiingereza. Ripoti ya Kiswahili ao ya Kifaransa inaweza kukaa miezi. Sisi watumishi tulisoma kwa Kifaransa chuoni, na Kiingereza chetu ni cha kuombea maji. Ninyi mlimaliza darasa la saba ao la tisa Zambia, mnaandika Kiingereza bila kushika kichwa. Mlipofika hapa waliwarudisha madarasa mawili nyuma, wengine mkaacha shule kabisa, mkaenda kusukuma mizigo mpakani. Mmeambiwa mara ngapi kwamba Kiingereza chenu hakina kazi hapa?

Hapa kiko na kazi. Tunahitaji vijana wanne. Mama anasema kwa Kiswahili, kijana anauliza yale maswali matatu, anaandika kwa Kiingereza, na jibu likija analisoma kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Debian inapokea ripoti kwa barua pepe ya kawaida, mega kidogo sana. Kwa Mint inabidi kufungua akaunti, na simu inatosha. Makuta hayamo, tuseme wazi. Lakini kila ripoti inabaki na jina la aliyeiandika, ao jina la kupanga akitaka. Siku moja kijana akiomba kazi, ataonyesha kitu alichokifanya, na hakuna mtu atakayemuuliza ilikuwa shule gani.

Ba mama, ba papa, tunamaliza. Tunawaomba mambo matatu. Kaye na mashini zikae pamoja, kaye mbele. Kila siku ya mchango, dakika 30 ziwe za mapendekezo. Na mtuchagulie vijana wanne leo, kabla hatujatoka.

Yule mama tuliyemtaja mwanzoni alitupa ruhusa ya kusema habari yake, bila jina. Alituambia hataki mashini iondoke. Anataka kuona jina lake pale, kwa lugha anayoisoma, siku ileile anayolipa. Pendekezo lake ni namba 1 katika kaye, na njo tutakalolituma kwanza.



(Mkutano ulikubali kwa kunyosha mikono. Vijana waliochaguliwa ni watano, juu dada mmoja alisema wanne hawatoshi.)